Ukurasa wa Mia Mbili na Tisa

Simu ililia mkono wangu ukiwa ndani ya kondoo,
hadi kiwiko, natafuta mguu wa pili.
Wa kwanza nilishaupata, unateleza kama kipande cha sabuni;
wa pili umejikunja nyuma,
na mama mtu ananitazama kwa lile jicho lao la mstatili,
jicho lisiloomba kitu.

Mwezi wa tatu, nje ya Tregaron. Saa nne asubuhi
na taa za zizi bado zinawaka, mvua ya Wales haina saa.
"Mared! Itoe mfukoni mwangu.
Akiwa mtu wa bima, mwambie mama amekufa."

Binti yangu ana miaka tisa na hapendi uongo.
Akasikiliza. Akasema ndiyo, yupo.
Akasema hapana, hawezi, mkono wake uko ndani ya kondoo.
Akafunika simu kwa kiganja:
"Ni mama mmoja wa London. Wakala.
Anauliza kama kitabu chako kimeshapata mtu."

Kitabu.
Miaka kumi na mmoja juu ya meza ya jikoni,
kati ya birika na bili za dawa ya minyoo.
Mawakala arobaini na watatu: majibu yao yamo kwenye kopo la biskuti.
Wasiojibu nao niliwakatia vikaratasi, nikaandika majina,
maana kimya nacho ni barua.
Gethin hakuwahi kuniambia niache.
Aliniuliza mara moja tu, mwaka wa saba, akivua buti:
"Kikiisha, usiku utakuwa unafanya nini?"

Mguu ukaja. Mtoto akaanguka kwenye majani,
wa manjano, mzito, hapumui.
Nikamsugua. Nikampulizia puani.
Nikamshika miguu ya nyuma nikambembesha hewani,
Mared kasimama na simu, London nzima inasikiliza.
Hakuamka.
"Mwambie nitampigia."

Kwetu, mwana akifa, tunamchuna.
Ngozi yake tunamvika yatima, koti la mikono minne,
mama amnuse, adhani ni wake, amnyonyeshe.
Kisu kikiwa kazini nikakumbuka
nilivyomfanyia kitabu vilevile:
mmoja kasema hakina mauaji, nikakivika maiti;
mwingine kasema Wales ni mbali, nikakihamishia Bristol.
Kila mara kikarudi, kinanuka mtu mwingine.
Mwaka jana nikachoka. Nikakivua yote.
Nikakituma uchi.

Nikanawa. Damu ya chini ya kucha haitoki kwa maji baridi.
Nikapiga.

Alisema mengi: mkataba, asilimia kumi na tano,
sura ya nne ni ndefu mno
(kuhusu sura ya nne alisema kweli).
Mimi nilisikia moja:
"Nilikuwa kwenye treni. Nilipitiliza kituo changu."
"Ukurasa gani?"
Kimya. Karatasi zikachakarika.
"Mia mbili na tisa. Pale bibi anapofua shati
la mtu aliyekwishazikwa,
kisha analipiga pasi."

Ukurasa ule nimeufuta mara mbili.

Nadhani nilisema ndiyo.
Mared anasema nilisema, "Asante, bima tunayo."

Usiku Gethin akaingia, mvua mabegani.
"Tisini na mbili kamkubali yatima," nikasema.
"Vizuri," akasema, akaketi kuvua buti.
Na Mared, kutoka kwenye ngazi, alikotakiwa awe amelala:
"Na mama naye kakubaliwa."

Akabaki na buti moja mkononi,
maji yakidondoka sakafuni,
na hakuna aliyekwenda kuchukua tambara.